Je, Wajua? Ujamaa, Maat na hirizi ya moyo

Azimio la Arusha, lililoifanya Ujamaa kuwa siasa ya Tanzania, lilitangazwa Februari 5, 1967. Wiki chache kabla, huko Los Angeles, Wamarekani weusi walikuwa wamesherehekea sikukuu ya Kwanzaa kwa mara ya kwanza, na nguzo yake ya nne, inayoadhimishwa Desemba 29, nayo inaitwa kwa Kiswahili Ujamaa.

Mwanzilishi wa Kwanzaa, Maulana Karenga, hakuishia kwenye Kiswahili. Mwaka 1994 alipata shahada ya pili ya uzamivu kwa utafiti kuhusu Maat: ukweli, haki na utaratibu wa ulimwengu kwa Wamisri wa kale.

Maat alikuwa pia mungu wa kike mwenye unyoya kichwani. Katika imani yao, moyo wa marehemu ulipimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya huo. Ukizidi uzito, ulimezwa na Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko. Ndiyo maana maiti walivishwa hirizi ya jiwe yenye umbo la dundu, iliyochongwa maneno ya kuusihi moyo usimsaliti mwenyewe.

Kwanzaa si dini. Lakini jumuiya ya Ausar Auset, iliyoanzishwa New York mwaka 1973, imeifanya imani hiyo ya Misri kuwa ibada hai.