WANYAMWEZI: JINA LILILOPATIKANA NJIANI

Watu wakigombania shamba kijijini, mara nyingi hutokea mmoja akasema: "Huyu si mwenyeji. Babu yake alikuja tu!" Maneno hayo huumiza. Basi leo tutazame asili ya Wanyamwezi, tuone mwenyeji ni nani.

Jina lilitoka wapi?

Zamani watu hawakujiita Wanyamwezi. Kulikuwa na nchi ndogo ndogo nyingi, kila moja na mtemi wake. Mtu wa Unyanyembe alijiita Mnyanyembe. Watu wa kaskazini waliitwa Wasukuma, maana sukuma ni kaskazini. Wa kusini waliitwa Wadakama, maana dakama ni kusini.

Na Wanyamwezi je? Wengi hueleza kwamba jina hili lilitoka pwani. Mwezi mwandamo huonekana magharibi, jua likishatua. Watu wa pwani waliona misafara inatoka upande huo, wakawaita wale wageni watu wa mwezi.

Safari iliwaunganisha

Tangu karibu mwaka 1800, wazee wetu walikwenda pwani wenyewe, kwa miguu, wamebeba pembe za ndovu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika kilo 30 hivi. Walirudi na nguo, shanga na nyaya za shaba.

Njiani watu wa watemi mbalimbali walilala kambi moja na kula chungu kimoja. Huko ugenini nani alijua Unyanyembe ni wapi? Wakiitwa Wanyamwezi, waliitika. Mwishowe jina likawaganda. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi ulianza kufa, lakini jina lilibaki.

Waliotoka na walioingia

Wengine walitoka wasirudi. Msiri alikwenda Katanga kufanya biashara, akawa mtawala mkubwa huko Bunkeya mpaka alipouawa mwaka 1891. Wajukuu wa watu aliokwenda nao ni Wayeke wa Kongo.

Na wengine waliingia. Wamanyema walitoka Kongo ya mashariki. Wengi waliletwa kwa nguvu, watumwa. Wengine walikuja kama wapagazi. Mwaka 1922 sheria ilifuta utumwa Tanganyika. Wengi walibaki hapa, wakalima, wakaoa na kuolewa. Wajukuu wao ni watu wa Tabora.

Kwa hiyo, ndugu, kabila halikutoka kwa babu mmoja. Lilikusanywa njiani, kidogo kidogo. Hata miembe yetu mikubwa ililetwa na misafara. Je, nani leo anakula embe akasema ni tunda la wageni?

Maswali ya kujadiliana:
1. Ukoo wako ulifikaje hapo mlipo? Waulizeni wazee, mwandike majibu yao.
2. Katika kijiji chenu, mtu huhesabiwa mwenyeji kwa sababu gani?