Mheshimiwa Anataka Nyumba ya Bibi Yake Ibomolewe: Kitabu cha 1975 Kitakachokuvunja Mbavu

Hebu imagini hii. Serikali inasema barabara kuu itapita katikati ya kwenu. Nyumba aliyojenga babu wa babu yako inaenda chini. Unakimbia kwa mbunge akusaidie. Shida ni moja: mbunge ni mume wako, na hiyo barabara ni yeye anaisukuma. Noma, ama?

Hiyo ndiyo stori ya Blott on the Landscape, riwaya ya Mwingereza Tom Sharpe. Huyu buda alikuwa ameishi Afrika Kusini hadi 1961, serikali ya ubaguzi ikamfukuza juu ya kuikosoa. Wakubwa waongo alikuwa anawajua vizuri.

Lady Maud ni mama mwenye mwili na hana mchezo. Familia yake ilitengeneza ganji kwa kupika bia, ikajenga jumba linaitwa Handyman Hall. Bwanake, Sir Giles, ndiye mheshimiwa wa eneo. Mbele ya watu anajifanya anapinga barabara. Kwa mlango wa nyuma anaipigia debe, juu jumba likibomolewa atavuna fidia. Akimwacha Maud hivi hivi, jumba linarudi kwa mama na yeye anabaki akiangalia tu.

Sasa vituko. Kikao cha kusikiza maoni ya wananchi kinageuka vurugu. Msee wa wizara aliyetumwa kumaliza kesi, Dundridge, anapigwa picha za aibu ndio anyamazishwe. Blott naye, mtunza bustani aliyeletwa Uingereza kama mfungwa wa vita, anasikiliza simu za mdosi kimyakimya. Maud akiona sheria haimsaidii, anageuza shamba kuwa mbuga na kuleta simba. Simba wa ukweli. Nani anaishia tumboni mwao? Hiyo hatukuambii, soma mwenyewe. Ukivivia kusoma, BBC waliifanya kipindi cha TV 1985, David Suchet akiigiza Blott.

Lakini ukimaliza kucheka, shika hii: kwenye hiyo stori hakuna mtu anachukia jumba. Kuna mtu tu amepiga hesabu ya doo akaona likianguka yeye anapata. Na wananchi wanaitwa kutoa maoni wakati wakubwa washaamua.

Hapa Nairobi tunaijua hiyo picha. 1989, Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wabunge walimtukana bungeni, lakini jengo halikusimama. 2020, mugumo wa miaka mingi pale Waiyaki Way ulikuwa ung'olewe kupisha Expressway. Watu wakapiga kelele, mti ukaachwa.

Hauhitaji simba. Sheria ya makavazi na turathi ya 2006 inampa waziri nguvu ya kutangaza jengo la kale kwenye gazeti rasmi la serikali, likalindwa. Lakini hiyo inafaa kabla tingatinga hazijafika.

Kwa hivyo siku utaona mabati yamezungushwa jengo la zamani mtaani kwenu, usiulize tu nani anabomoa. Uliza nani analipwa likianguka. Na usishtuke ukipata ni yule yule aliyekuwa anashikilia maiki akisema yuko na nyinyi.