Wajibu wa Muuzaji na Mnunuzi katika Usafirishaji wa Watambaazi Hai

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zimekaa pale barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapofikia Nyakanazi na Lusahunga kabla ya kuelekea Rusumo, mpakani mwa Rwanda, na Kabanga, mpakani mwa Burundi. Kando ya njia hiyo ipo Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha yaliyokuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi. Kwa kuwa makazi ya chatu, kenge, kobe na kinyonga yamepakana kiasi hicho na njia ya malori na mabasi, wakazi wa wilaya hizi wana sababu ya kuelewa ni nani anayewajibika pale mtambaazi, yaani mnyama wa kundi la reptilia, anapotiwa kwenye chombo na kupelekwa mahali pengine akiwa hai.

Katika biashara ya kawaida suala hili lina jibu linaloeleweka. Gunia la maharage linapouzwa Ngara na kupakiwa kwenda Mwanza, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, huanzia kwenye kanuni kwamba hasara humfuata mwenye mali: kabla umiliki haujahama, mzigo ukiharibika ni hasara ya muuzaji, na ukishahama ni hasara ya mnunuzi, isipokuwa kama wenyewe wamekubaliana vinginevyo. Kanuni hiyo, hata hivyo, inadhani kwamba muuzaji ana umiliki wa kuhamisha, na hapo ndipo mtambaazi aliyeokotwa porini anapotofautiana na gunia la maharage. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma iliyo chini ya udhamini wa Rais, na neno “nyara” katika sheria hiyo linajumuisha pia mnyama mzima, awe hai au amekufa. Kijana aliyemkuta kobe shambani Biharamulo akamtia kwenye ndoo hajapata mali ya kuuza. Anayempa fedha naye hanunui chochote, kwa maana wote wawili wameingia katika kosa la kumiliki nyara za Serikali bila kibali, kosa ambalo adhabu yake inaweza kuwa kifungo cha miaka mingi. Wajibu wa kwanza wa pande zote mbili, basi, ni kuhakikisha asili ya mnyama kabla ya kuzungumza bei: ametoka wapi, kwa leseni ipi, na je, amezaliwa kwenye shamba au bustani ya wanyamapori inayotambuliwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, au amenaswa tu.

Kuhusu kuvuka mpaka, mlango umebanwa zaidi. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na muda wa awali wa miaka mitatu ulipokwisha zuio halikuondolewa. Mwezi Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kusafirisha, kwa miezi sita, wanyama waliobaki mikononi mwao tangu zuio lilipoanza. Wizara ya Maliasili na Utalii ililisitisha ndani ya siku chache. Tukio hilo lina fundisho ambalo wengi hulipita haraka: mkataba ukikwama mnyama hakwami pamoja nao, bali anaendelea kuhitaji maji, joto na chakula kila siku, na gharama hiyo humwangukia aliyemshika. Muuzaji makini huandika kwenye mkataba, tangu mwanzo, ni nani atakayemtunza mnyama iwapo kibali kitakataliwa au kufutwa, wala hamkamati mnyama kwa matumaini ya kibali ambacho hakijatoka.

Juu ya sheria za nchi upo Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Wanyama na Mimea iliyo Hatarini Kutoweka, unaojulikana kwa kifupi cha CITES, ulioanza kutumika mwaka 1975 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1979. Mkataba huu hupanga viumbe katika viambatisho kulingana na ukubwa wa hatari inayowakabili. Wale wa Kiambatisho cha Kwanza hawaruhusiwi kuuzwa kimataifa kwa biashara wakitoka porini, ilhali wale wa Kiambatisho cha Pili huhitaji kibali cha nchi wanakotoka. Chatu, kenge na kobe wa nchi kavu wanaopatikana Kagera wamo katika cha Pili. Kibali hicho hutolewa baada ya wanasayansi kuridhika kwamba uvunaji hautadhuru uhai wa spishi porini, na, jambo lisilotajwa mara nyingi, baada ya mamlaka kuridhika kwamba mnyama atafungashwa na kusafirishwa kwa namna itakayopunguza hatari ya majeraha, madhara ya kiafya na ukatili. Ufungashaji mbaya kwa hiyo ni uvunjaji wa masharti ya kibali chenyewe, na hauwezi kuchukuliwa kama uzembe mdogo wa fundi wa maboksi.

Wajibu wa kufungasha humkalia muuzaji karibu wote, kwa sababu ndiye anayemjua mnyama na ndiye anayefunga kifuniko. Watambaazi ni wanyama wa damu baridi, maana yake miili yao haitengenezi joto la kutosha na hutegemea joto la mazingira. Wengi wa nchi za joto husafiri salama kati ya nyuzi 21 na 29 za Selsiasi, na joto linalopita kiwango hicho huwaua haraka kuliko baridi ya wastani. Kutoka miinuko ya Ngara, ambako usiku huwa na baridi, hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na mnyama aliyeanza safari akiwa amezubaa kwa baridi anaweza kuwa ndani ya buti la basi lililosimama juani saa chache baadaye. Chatu hapewi chakula kwa angalau wiki moja kabla ya safari, kwani mawindo ambayo hayajasagika tumboni hutapikwa anaposhtuka, na matapishi hayo yanaweza kumkaba. Huwekwa peke yake ndani ya mfuko wa kitambaa cha pamba kinachopitisha hewa. Mfuko hugeuzwa ili mshono ubaki nje, kwa sababu nyuzi zilizolegea ndani hunasa magamba na ncha ya mkia, kisha mdomo wake husokotwa, hukunjwa na kufungwa fundo kabla ya kuingizwa kwenye boksi gumu lenye matundu. Kinyonga hupewa kijiti cha kushika na hatengwi na mwenzake kwa wavu tu, maana kumwona mwingine kwa karibu humtia hofu inayomdhoofisha. Kobe hawapangwi mmoja juu ya mwingine, na boksi lao huwekewa alama ya upande wa juu ili wasije wakakaa chali kwa saa nyingi. Kanuni za usafirishaji wa wanyama hai za Shirikisho la Kimataifa la Usafiri wa Anga, IATA, zinaeleza aina ya boksi kwa kila kundi la wanyama, na mashirika ya ndege hukataa mzigo usiozifuata.

Suala la kupe linastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi katika wilaya za wafugaji. Kobe mkubwa mwenye madoa kama ya chui hubeba kupe katika mikunjo laini ya ngozi, nyuma ya miguu na kuzunguka shingo, mahali ambapo jicho la haraka halifiki. Baadhi ya kupe wa jenasi ya Amblyomma hueneza bakteria wanaosababisha ugonjwa wa moyo kujaa maji, unaoua ng’ombe, mbuzi na kondoo. Mwezi Machi 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza kobe huyo pamoja na aina nyingine mbili za Afrika kwa hofu ya kupe hao. Muuzaji anayeruka ukaguzi wa daktari wa mifugo humwekea jirani wa mnunuzi hatari ambayo jirani huyo hakuingia mkataba wowote kuikubali.

Mnunuzi naye hasubiri mlangoni tu. Katika masoko halali ya nje, wauzaji wengi hutoa dhamana ya kufika hai, yaani ahadi ya kurudisha fedha mnyama akifika amekufa, kwa sharti kwamba mnunuzi awepo kupokea mzigo siku hiyohiyo, afungue boksi mara moja, na atume picha ndani ya saa chache. Dhamana hiyo inagawa hasara ya fedha kwa haki, lakini ina udhaifu ambao haufai kufichwa: humruhusu muuzaji kuhesabu vifo kama gharama ya kawaida. Mwezi Desemba 2009 maofisa wa Arlington, Texas, walichukua zaidi ya wanyama 26,000 kutoka kwa mfanyabiashara wa jumla, wengi wao wakiwa watambaazi, na uchunguzi ulikuta karibu wanane katika kila kumi ni wagonjwa, wamejeruhiwa au wamekufa. Mnunuzi anayeagiza msimu wa joto kali, au anayetaka mnyama asafirishwe Ijumaa ili alale ghalani hadi Jumatatu, ameshiriki katika hesabu hiyo hata kama fedha zake zitarudi.

Mnyama anapofika, hutolewa kwenye boksi mahali penye utulivu, hupewa maji kabla ya chakula, hukaa mbali na watambaazi wengine kwa wiki kadhaa, na aliyemshika hunawa mikono kwa sabuni, kwa kuwa watambaazi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuonekana wagonjwa. Mnunuzi aliyeshindwa kumtunza hana ruhusa ya kumwachia porini: chatu wa Afrika waliotoka mikononi mwa watu wamezaliana kusini mwa Florida, na mwaka 2012 Marekani ilizuia uingizaji wao. Katazo hilohilo linamhusu mkazi wa Ngara au Biharamulo ambaye tayari ana kobe nyumbani, aliyenunuliwa barabarani kwa huruma au kwa kutojua. Kumpeleka usiku kando ya Mto Ruvubu na kumwacha huko kunaweza kuingiza maradhi kwa kobe wa eneo asilotoka, ilhali kumtuma kwa basi kwa ndugu wa mjini ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. Njia iliyo wazi ni kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye ndiye mwenye mamlaka ya kupanga mnyama huyo apelekwe wapi, na kwa boksi la namna gani.