Dagaa wa Kigoma Katika Ziwa la Watonga

Mimi ni mtoto wa Kigoma, nimelelewa na dagaa. Pale Siavonga, kusini mwa Zambia, sikuhitaji kuuliza ni samaki gani ameanikwa kando ya Ziwa Kariba, harufu ilitosha. Wenyeji wanamwita kapenta. Ni dagaa wa Ziwa Tanganyika, aliyepandikizwa Kariba mwaka 1967 na 1968, maana ziwa lilitokana na kuzibwa kwa mto Zambezi, na samaki wa mto huo walishikamana na kandokando na kina cha katikati kikabaki kitupu. Dagaa akazaana kweli kweli. Wengine walipenya kwenye mitambo ya umeme ya bwawa la Kariba, wakashuka na mto mpaka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, ambako nako sasa wanavuliwa.

Uvuvi wenyewe ni wa usiku wa giza. Chombo cha chuma kinaelea katikati ya ziwa, taa zinawashwa, wavu wa duara unateremshwa chini kabisa, dagaa wakishajaa kwenye mwanga unavutwa juu kwa winchi. Mbalamwezi ikiwaka kazi inalala, sawa na kwetu. Ila kwetu mwenye mitumbwi miwili, taa na wavu ameshakuwa mvuvi. Kariba chombo kimoja kinataka mtaji mkubwa, na Watonga, wenyeji wa bonde hili, wengi ninaowaona ziwani ni vibarua kwenye vyombo vya watu, au wanatega perege ufukweni.

Hilo linaniuma, kwa sababu ziwa hili limekalia mashamba yao. Ukuta wa Kariba, wenye kimo cha mita 128, ulijengwa kati ya 1955 na 1959, enzi za Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland, ili migodi ya shaba na viwanda vipate umeme. Nyuma yake maji yalitanda kilomita 280. Watonga wapatao 57,000 wa kingo zote mbili walihamishwa. Kabla ya hapo mto ukifurika uliwaachia tope lenye rutuba, wakalima vishamba vya kingoni hata kiangazi na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ndugu walivuka kwa mtumbwi kwenda harusini na misibani. Siku hizi kati yao kuna ziwa na mpaka wa nchi mbili, Zambia na Zimbabwe.

Watu wa Chifu Chipepo walikataa kuondoka. Mwezi Septemba 1958 walisimama na mikuki yao mbele ya polisi wenye bunduki, na wanane wakauawa. Waliobaki walipakiwa kwenye malori wakapelekwa Lusitu, mto unakoteremkia baada ya bwawa, kwenye nchi kame wasiyoijua. Mwaka uliofuata ugonjwa ambao chanzo chake hakikuthibitishwa uliua zaidi ya watu 50 huko, karibu wote wanawake na watoto. Mizimu ya ukoo na makaburi vilibaki chini ya maji. Wazee walishasema kwamba Nyaminyami, roho ya mto yenye mwili wa nyoka, hatakubali. Mafuriko ya 1957 na 1958 yalipobomoa kazi ya wajenzi, hakuna Mtonga aliyeshangaa.

Ulimwengu ulizipenda zaidi habari za wanyama pori waliookolewa kwa mashua kwenye visiwa vilivyobaki maji yalipopanda, na ni kweli waliokolewa maelfu. Waliofuatilia maisha ya watu ni wanaanthropolojia Elizabeth Colson na Thayer Scudder, walioanza utafiti Gwembe, bonde la Watonga, mwaka 1956 na kuuendeleza kwa miongo. Katika miongo hiyo nyaya za umeme zilipita juu ya vijiji vya Watonga, usiku vijiji vikiwa gizani.

Ukame wa 2024 uliposhusha ziwa, Zambia na Zimbabwe zilikosa umeme kwa saa nyingi kila siku, na miji ikapiga kelele, na ilikuwa na haki. Kwa Watonga wa Gwembe kilio kilikuwa mahindi yaliyokauka. Maji yakirudi nyuma, wanawake hulima ile ardhi yenye unyevu inayofichuka, viboko wasipowatangulia kula. Mwaka wa mvua nyingi ziwa linaifunika tena. Naona fedha inayotokana na umeme wa Kariba ingetumika kununua pampu na mabomba ya kupandisha maji mpaka mashamba ya juu, Gwembe na ng'ambo ya ziwa kule Binga, Zimbabwe, ili Watonga wavune tena mara mbili kwa mwaka.