Kuzuiwa na Kutiwa Sumu: Moshi wa Injini za Gesi na Vichocheo vya Metali

Makala haya yanaeleza namna moshi wa injini unavyodhoofisha vichocheo vya metali vinavyooksidisha methani. Hoja ya msingi ni kwamba tukisema tu kuwa moshi "huharibu" kichocheo, tunaficha michakato miwili inayohitaji hatua mbili tofauti za kisera.

Mfano wetu ni Ziwa Kivu, mpakani mwa Rwanda na Kongo. Maji yake ya kina yana takriban kilomita za ujazo 60 za methani, ikipimwa katika kanieneo ya kawaida. Mtambo wa KivuWatt, huko Karongi nchini Rwanda, huvuta maji hayo, hutenga gesi na kuichoma katika injini zenye uwezo wa megawati 26.

Injini ya gesi haiunguzi methani yote. Kiasi kidogo hutoka pamoja na moshi. Kiasi hicho si cha kupuuzwa, kwani katika kipindi cha miaka 100 kilo moja ya methani huongeza joto la angahewa takriban mara 28 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi. Kichocheo cha paladiamu kikifungwa katika njia ya moshi, chaweza kuigeuza methani hiyo kuwa kaboni dioksaidi na maji.

Hata hivyo, moshi huohuo hukidhoofisha kichocheo kwa njia mbili. Ya kwanza ni mvuke wa maji, ambao ni zao la kuungua kwa methani yenyewe. Mvuke hushika uso wa paladiamu na kuchukua nafasi ambazo methani ingezihitaji. Joto likipanda, au mvuke ukipungua, sehemu kubwa ya uwezo hurejea. Huku ni kuzuiwa.

Njia ya pili ni salfa. Gesi ya Kivu ina haidrojeni salfaidi ambayo, isipoondolewa ipasavyo, huungua ikawa salfa dioksaidi. Juu ya paladiamu, salfa dioksaidi huzaa salfeti inayoshikamana na metali. Hata sehemu moja katika milioni yatosha kukidhoofisha kichocheo. Salfeti hiyo haivunjiki kwa urahisi katika joto la kawaida la moshi wa injini hizi. Huku ni kutiwa sumu.

Tofauti hii ina uzito katika sera. Kuzuiwa hupunguzwa kwa kukiweka kichocheo karibu na injini, ambako moshi bado una joto kali. Kutiwa sumu hukingwa kabla ya injini, kwa kuosha gesi na kuweka kikomo cha salfa katika gesi na katika oili. Kanuni inayoagiza kichocheo kifungwe bila kutaja salfa itamgharimu mwenye mtambo metali ya bei kubwa, ilhali methani itaendelea kutoka.

Kwa hiyo, inapendekezwa kwamba kanuni zitenganishe istilahi *kizuizi* na *sumu*, na kwamba vichocheo vijaribiwe katika moshi wenye mvuke na salfa, wala si katika hewa kavu.