Dawa ya Kuhara Damu Ndani ya Maji ya Kuku

Nyama ya kuku ikiiva hadi kwenye mfupa, bakteria wa Salmonela hufa, iwe ile inayotii dawa au ile sugu. Moto haubagui. Kwa hiyo mkazi wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, aliyezoea kuku wa mchuzi wa mawese, aliyechemka vya kutosha, ana haki ya kuuliza: huu usugu wa vimelea unanihusu nini?

Unamhusu kabla chungu hakijabandikwa. Utumbo wa kuku ukichanika wakati wa kumpasua, vimelea huenea kwenye nyama, ubao, kisu na vidole. Kisu hichohicho kikikata nyanya na vitunguu vya kachumbari bila kuoshwa kwa sabuni, vimelea vimefika mezani bila kupita motoni. Maji aliyooshewa kuku humwagwa uani, na mvua huyasomba kuelekea ziwani. Rumonge inajua gharama ya maji machafu. Kipindupindu kilipozuka huko mwaka 1992, uchunguzi ulionyesha kwamba kuoga ziwani na kunywa maji yake vilichangia sana watu kuugua.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni masalia ya dawa kwenye nyama. Hayo yana dawa yake: mfugaji akisubiri siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kuchinja au kuuza mayai, masalia hupungua hadi kiwango kisicho na madhara. La pili ni vimelea vilivyonusurika dawa hiyo, na hivyo havina habari na siku za kusubiri. Kuku anaweza kuchinjwa akiwa hana hata chembe ya dawa mwilini, huku utumbo wake umejaa vimelea sugu.

Tazama jinsi vinavyozaliwa. Mfugaji ana kuku mia moja wa nyama, kumi wamezubaa. Anachota unga wa antibiotiki ya oksitetrasiklini kwa kijiko cha chai, anaukoroga kwenye maji ya kundi zima. Kuku mgonjwa hanywi sana, kwa hiyo anayehitaji dawa ndiye anayepata kidogo. Mzima anakunywa hadi anatosheka. Katika matumbo yote hayo mia, vimelea dhaifu vinakufa na vile vyenye uwezo wa kuvumilia vinabaki vikizaliana bila mshindani. Tena vimelea hupeana vinasaba vya usugu hata kama si vya jamii moja, hivyo E. koli isiyomdhuru mtu inaweza kuikabidhi Salmonela silaha yake.

Linaloniumiza zaidi ni kwamba mara nyingi dawa hiyo haikuhitajika kabisa. Muuaji mkubwa wa kuku wa kienyeji Afrika Mashariki ni mdondo, ambao wengine huuita kideri, na mdondo huletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi. Kuku wanaharisha kijani, shingo zinapinda, wengi wanakufa, wachache wanapona kwa kinga yao wenyewe, na unga wa dukani unapewa sifa usiyostahili. Msimu ujao utanunuliwa tena.

Ukanda huu wa Maziwa Makuu umewahi kuishiwa dawa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kuhara damu kwa Shigela kulisambaa kutoka Zaire (Kongo ya sasa) hadi Rwanda na Burundi, na dawa za bei nafuu zikashindwa moja baada ya nyingine. Kufikia 1994, katika kambi za wakimbizi za Goma, hata dawa ya asidi nalidiksi ilikuwa imeshindwa, ikabaki siprofloksasini. Sasa ndugu yake wa karibu, enrofloksasini, hupewa kuku, na mwilini mwao sehemu yake hugeuka kuwa siprofloksasini yenyewe. Marekani iliiondoa kwenye ufugaji wa kuku mwaka 2005 kwa sababu Kampilobakta sugu, bakteria mwingine wa kuhara, ilikuwa ikiwafikia walaji. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu mabanda ya kuku wa mayai ya Lira, Masaka na Wakiso ulikuta Salmonela katika takriban banda moja kati ya matano, na karibu nusu ya vimelea hivyo vilihimili siprofloksasini.

Sabuni na ubao wa pekee kwa nyama mbichi vinasaidia, navyo viko mikononi mwa mpishi. Lakini mimi ningeanza na chanjo ya mdondo, ili sababu ya kukimbilia unga wa dukani iondoke. Ile ya I-2 huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida za mdondo. Inatengenezwa na maabara ya serikali ya mifugo nchini Tanzania, na hutiwa tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu au minne. Ugumu wake ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa mfugaji mmoja, na ikifunguliwa haikai muda mrefu. Majirani wakikubaliana siku moja, wakachangia chupa na kuwakamata kuku alfajiri kabla hawajatoka bandani, chupa hiyo inatosha mtaa.