Kondoo mgeni hufa kwanza: virusi vya kupe na hesabu ya mfanyabiashara

Mfanyabiashara anayenunua kondoo na mbuzi katika maeneo makavu ya kaskazini mwa Kenya na kuwapeleka nyanda za juu zinazozunguka Nairobi hupiga hesabu ya bei ya mnadani, nauli ya lori, ushuru na malisho. Asichokiweka katika hesabu mara nyingi ni kupe wa masikio mwenye rangi ya kahawia, anayebeba virusi vya ugonjwa wa kondoo wa Nairobi.

Uchunguzi wa ugonjwa huo ulianza karibu na Nairobi mwaka 1910, na E. Montgomery akachapisha matokeo yake mwaka 1917. Jina la mji likapewa kundi zima: nairovirusi. Kwa miaka mingi kundi hilo lilihesabiwa kuwa jenasi moja tu ndani ya familia ya Bunyaviridae, pamoja na virusi vya homa ya Bonde la Ufa. Mwaka 2017 wataalamu wa uainishaji walilipa hadhi ya familia kamili, Nairoviridae.

Sababu zipo. Chembe za urithi za virusi hivi ni RNA iliyogawanyika vipande vitatu, na kile kikubwa, chenye maelekezo ya kujinakili, ni kirefu karibu mara mbili ya kile cha homa ya Bonde la Ufa. Tena homa ile huenezwa na mbu; nairovirusi nyingi huishi na kupe.

Na kupe ni ghala la kutisha. Jike hurithisha virusi kupitia mayai, na kupe mzima asiyepata damu anaweza kuvihifadhi kwa zaidi ya miaka 2. Kuliacha shamba tupu msimu mmoja, basi, si dawa.

Kondoo aliyeambukizwa hupata homa kali, huharisha, mara nyingine kwa damu, na mwenye mimba huitupa. Vifo vimeripotiwa kufikia asilimia 90 katika baadhi ya makundi. Ugonjwa hauenei kwa wanyama kulala zizi moja. Lazima kupe aume. Ng'ombe hawaugui, ingawa kupe huyo huyo huwaletea ndigana kali. Ndigana huletwa na kimelea, si virusi, kwa hiyo dawa yake haifai kitu hapa, na chanjo ya ugonjwa wa kondoo haiuzwi madukani.

Jambo la kuangaliwa sokoni ni mahali mnyama alipozaliwa. Mwana-kondoo wa eneo lenye kupe hupata kinga kwenye dang'a ya mama yake, huumwa na kupe akiwa bado analindwa, kisha hujijengea kinga yake mwenyewe. Wa maeneo makavu hana akiba hiyo. Anayenunua wa kuchinjwa mara moja ana hatari ndogo. Anayenunua wa kunenepesha au kuzalisha ndiye mwenye mtaji hatarini. Kwake yeye, kondoo wa bei nafuu kutoka mbali huenda akawa ghali kuliko wa jirani. Mvua ndefu nazo husukuma kupe hadi maeneo yaliyokuwa salama, na hapo hata aliyebaki nyumbani hupata hasara. Majosho ya kila wiki hupunguza kupe, lakini hayamhakikishii mgeni usalama.

Wenye machinjio wana jambo lao. Katika familia hiyo hiyo yumo ndugu mbaya zaidi kwa binadamu: virusi vya homa ya Crimea na Congo, vilivyopewa jina kutokana na ugonjwa ulioonekana Crimea mwaka 1944 na Congo mwaka 1956. Mnyama mwenye virusi hivyo kwa kawaida haonyeshi dalili yoyote, ilhali mtu anaweza kuambukizwa kwa kuumwa na kupe au kugusa damu wakati wa kuchinja, na hadi asilimia 40 ya wagonjwa wamekufa katika baadhi ya milipuko. Glavu za mchinjaji na dawa ya kupe kabla ya mnyama kufika machinjioni ni gharama ndogo.